Pipa Lenye Kiu

Karugendo hakuruhusu mapipa yake yashushwe kwenye pikapu mpaka majirani wa kutosha wawe wametoka nje kuyaona. Alisimama juu ya bodi ya gari, mkono mmoja kiunoni, mwingine ukilipiga pipa kama ngoma, akamwuliza dereva kwa sauti ya kufika barabarani kama breki zimeshika sawasawa, maana mzigo huu si wa mchezo.

"Mzee, gari limezima na ufunguo ninao mfukoni," dereva akajibu. "Shusha. Nataka kufika Bukoba kabla ya mvua."

Yalikuwa mapipa mawili ya chuma, ya buluu, yenye kung'aa kama yametoka dukani. Huku Muleba, mtu akipokea wakwe bila rubisi, pombe ya ndizi, ni afadhali asiwapokee kabisa, na wakwe wa Hellen, binti mdogo wa Karugendo, walikuwa wanakuja kesho Jumamosi. Mtumbwi wa mti aliorithi kwa baba yake kwa ajili ya kuchachushia pombe ulikuwa umepasuka ubavu wakati wa kiangazi. Ndizi zimeshaivishwa, mtama umeshakaangwa na kusagwa, vijana wa kukanyaga ndizi wameshaitwa. Kilichokosekana ni chombo, na chombo ndicho hicho kimefika.

Annastella, binti mkubwa, alikuwa mlangoni mwa jiko akimenya ndizi za mchana. Alipoona ile buluu, kisu kikasimama mkononi mwake.

"Taata, haya mapipa umeyatoa wapi?"

"Bukoba, Miembeni, kwa Muhidini anayeuza vyuma chakavu. Ila haya si chakavu. Angalia rangi hiyo!"

"Yalikuwa na nini ndani?"

"Yalikuwa na hewa."

Watu wakacheka. Annastella akasogea, akainama. Lebo ilikuwa imekwanguliwa kwa kisu, na kisu hicho hakikuwa na haraka. Mtu alikaa chini akaikwangua kwa utulivu, akijua anachokificha. Lakini pembe moja ilibaki. Ilikuwa na picha ya mkono unaodondokewa na tone, na tone linautafuna mkono. Chini yake tarakimu nne: 1818.

"Taata, hii namba naijua."

"Siku hizi kila kitu kina namba. Hata mimi nina namba ya NIDA, na sijamwunguza mtu."

Kicheko kikazidi. Shangazi Kokugonza, dada yake Karugendo, aliyekuwa amekaa mkekani akichambua maharage, akaongeza chumvi: "Mwacheni msomi aseme! Ameenda kwenye kiwanda cha kutengeneza roho ya simu, karudi na simu iliyofungwa kwa raba bendi."

Ilikuwa kweli. Simu ya Annastella ilifungwa kwa raba bendi, na raba bendi yenyewe ilikuwa ya pili. Alikuwa amefanya kazi miezi kumi na minne katika kiwanda cha chipu nchi ya jirani, uani, upande wa kemikali, na sasa ilikuwa wiki ya tatu tangu arudi. Nyumbani walijua neno moja tu: alifukuzwa. Walipouliza kwa nini, alisema alikataa kuosha mapipa. Jibu hilo liliwafanya wacheke mpaka wakaegemea ukuta. Mtoto wa kike aliyekua akiosha masufuria ya msiba mzima, eti kafukuzwa kwa kukataa kuosha pipa!

Hakuwa amepata mtu wa kumsikiliza mpaka mwisho. Kabla silikoni haijawa kile kipande kidogo kinachofikiri ndani ya simu, hupitia hali ya kimiminika kinachoonekana kama maji ya chemchemi. Kwenye lebo kiliitwa silikoni tetrakloridi. Wafanyakazi walikiita Mwenye Kiu. Kikiona maji kinayavamia, hata yale yaliyo hewani, hata yale yaliyo machoni mwako; na kikishakunywa, kinatapika moshi mweupe wa asidi. Pipa lake halioshwi kwa maji mpaka limesafishwa kwa gesi kavu. Msimamizi alitaka kuharakisha. Annastella alikataa, akawaambia na wenzake wakatae. Jioni hiyo hiyo alikabidhi viatu vya kazi.

"Taata, nakuomba," alisema. "Usitie maji kwanza."

"Nilioshe kwa nini? Kwa mate?"

"Tusubiri. Nitapiga simu niulize."

Karugendo alikwenda kwenye pipa la kwanza, akakifungua kizibo kwa vidole tu, akamimina ndoo nzima ya maji na majivu ya jikoni, akalitikisa, akalilaza, akayamwaga. Yakatoka maji ya majivu, basi. Akamimina mengine, yakatoka meupe. Kisha, ili maneno yaishe, akakinga kwa viganja akanawa uso mbele ya watu wote.

"Haya, nimekufa?" akauliza.

"Hujafa, waitu, mzee wetu!" wakaitikia, wakicheka.

Ndipo akamgeukia binti yake, na sauti yake haikuwa na kicheko tena. "Ukishindwa kazi ya watu, usije kuifanyia mazoezi nyumbani kwangu. Kesho nina wageni."

Mama yake, Clotilda, akamshika Annastella kiwiko, akanong'ona, "Mwanangu, leo mwache tu. Unamjua baba yako." Annastella akaitikia kwa kichwa. Akaweka kisu juu ya maganda, akazunguka nyuma ya nyumba.

Namba ya Muhidini ilikuwa imeandikwa kwa chaki ubavuni mwa pipa. Alikuwa ameishika kichwani bila kukusudia. Akapiga.

"Asalaam aleikum, mzee Muhidini."

"Waaleikum salaam. Nani mwenzangu?"

"Annastella, binti wa Karugendo wa Muleba. Amechukua mapipa kwako leo asubuhi."

"Aa, Karugendo! Mtu wa maneno yule. Karibu, binti yangu. Ila mali ikishatoka hairudi."

"Sirudishi, nauliza tu. Yalikuja mangapi?"

"Sita."

"Mliyafungua yote?"

"Mawili. Makavu kabisa, hata harufu hayana. Yale manne vizibo vilikuwa vimekaza, nikasema mwenye kununua atajua mwenyewe. Baba yako nilimpa moja na moja."

"Yale yaliyokaza yalikuwa mazito kuliko yale makavu?"

Kwa mbali zilisikika nyundo za mafundi wa Miembeni wakinyoosha mabati. "Mazito kidogo, ndiyo," akasema polepole. "Nilidhani chuma chake ni kinene. Binti, kuna nini?"

Annastella alikuwa ameshaanza kukimbia.

Alipopinda kona ya nyumba, baba yake alikuwa amelipanda pipa la pili kama mtu aliyempanda ng'ombe mkaidi, spana mikononi. Kizibo kikalegea. Pipa likatoa pumzi ndefu, *shiii*, na uzi mwembamba wa moshi mweupe ukapanda, ukajinyoosha, ukaanza kunenepa.

"Mnasikia?" Karugendo alisema, akishuka na kukunja pua. "Dawa ya chooni hiyo. Walihifadhia dawa ya chooni. Leteni jagi."

"Taata, acha! Hilo lina kitu! Taata!"

Jagi lilikuwa limeshainama.

Sauti iliyofuata ilianza kama nyama iliyotupwa kwenye mafuta ya moto, kisha ikakua ikawa mngurumo. Moshi mweupe ukaruka kutoka kwenye tundu, mnene kama pamba, ukamfunika Karugendo kuanzia kiunoni kwenda juu. Matone yakamrukia. Akapiga ukelele mmoja, akakohoa, akaanguka kwa magoti, kisha kifudifudi.

Clotilda akajaza hewa kifuani, na Annastella akaona anachotaka kufanya. Kwa mara ya kwanza maishani mwake akaiogopa sauti ya mama yake. Kwa Wahaya, enduru, ule ukelele wa kuita msaada, ikipigwa hakuna anayeuliza kwanza wala anayekuja mikono mitupu. Ukelele wa mwizi huja na mapanga. Ukelele penye moshi huja na ndoo za maji.

"Mawe, usipige!" alimpazia mama yake sauti. Lakini enduru ilikuwa imeshatoka, kali, ndefu, ikapasua migomba ikavuka bonde. Kwingine ikaitikiwa, na kwingine tena.

Upepo ulikuwa unatoka upande wa ziwa. Annastella akazunguka mpaka upepo ukampiga mgongoni, akavuta pumzi akaibana, akaingia akiwa ameinama. Akamshika baba yake makwapani. Hakuvutika. Mikono mingine ikamshika karibu na yake. Ilikuwa ya Hellen, bi harusi mtarajiwa, nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama. Wakavuta pamoja, wakamkokota mpaka kwenye mteremko wa juu penye nyasi, kule upepo ulikokuwa unatoka na si kule moshi ulikokuwa unakwenda.

"Dada, macho yake!" Hellen alilia. "Tazama macho yake!"

Watu walikuwa wameshaanza kuingia. Wa kwanza alikuwa Mutembei, aliyewahi kuwa kamanda wa mgambo, mzee wa mabega mapana, ndoo ya lita ishirini mkononi imejaa mpaka inamwagika. Nyuma yake watu kumi, kumi na watano, kila mmoja na ndoo, dumu, au sufuria. Annastella akasimama kati yao na pipa, mikono ameitanua kama kipa.

"Msimwage! Msimwage maji!"

"Pisha, binti," Mutembei akasema. "Moto hauzimwi kwa maneno."

"Hakuna moto, mzee! Umeona mwali? Hicho kitu kimekunywa jagi moja tu. Ukikipa ndoo hiyo, moshi huu utafika mpaka kwako."

"Huyu si ndiye aliyefukuzwa huko kazini?" mtu akauliza nyuma.

"Ndiye. Kichwa kigumu."

"Mzee, mwaga! Mtu anakufa hapa!"

Mutembei akapiga hatua. Akapiga ya pili. Ndoo ikapanda mpaka usawa wa kifua. Annastella hakusogea, maana hakuwa na kitu kingine cha kufanya zaidi ya kutosogea.

Ndipo sauti ikatoka kwenye nyasi, sauti iliyokwaruzwa, iliyokatwakatwa na kikohozi, lakini bado yake Karugendo.

"Mutembei! Msikilize mwanangu." Akakohoa, akatema. "Alinikataza. Alinikataza mbele ya watu. Msikilizeni."

Mutembei akasimama. Akamtazama mtu aliyelala pale, akamtazama binti, akaishusha ndoo. "Haya. Sema."

"Leteni ndoo zote huku kwa Taata. Hellen, mfungue macho kwa vidole, mimina polepole, usiache hata akikutukana. Mvueni shati."

"Lakini umesema maji ni mabaya!" Shangazi Kokugonza akalalamika.

"Pipa tulinyime maji, Shangazi. Mtu tumpe yote."

Na kweli wakampa yote. Maji yaliyokuwa yamebebwa kwenda kuua watu yakapita kutoka mkono hadi mkono, yakamwagwa machoni, shingoni, mikononi mwa Karugendo, ndoo baada ya ndoo, naye akitukana kwa Kihaya na kwa Kiswahili, na kila tusi likiwapa moyo kwamba yu hai. Annastella hakukaa kutazama. Moshi ulikuwa mzito kuliko hewa. Haukupanda, ulitambaa ukiteremka kibanjani, ukigeuza kingo za majani ya migomba kuwa kahawia.

"Chini huko anakaa nani?"

"Bibi Edvina," Clotilda akajibu, na mkono ukamwendea mdomoni. "Peke yake. Miguu haimwezi."

"Mwendeeni kwa upande wa barabara, msipite kwenye moshi."

Mutembei hakungoja kuambiwa mara mbili. Akachukua wanaume wawili, na baada ya muda Bibi Edvina akaonekana barabarani juu ya kiti chake mwenyewe, amebebwa kama askofu, akiuliza kwa hasira nani amemruhusu nani aingie chumbani kwake.

Kisha mwanga ukapungua. Wingu lilikuwa limesimama juu yao, na mvua ya Kagera haibishi hodi. Kizibo kiko wazi, tundu linatazama mbinguni.

"Mabati," Annastella akasema. "Taata alinunua mabati ya jiko. Yako wapi?"

Wakayatoa uvunguni mwa ghala. Wanaume, wakiwa upande wa upepo na vitambaa puani, wakasimamisha miti minne mirefu ya kuanikia kahawa kulizunguka pipa, mbali nalo kidogo, na kulaza mabati juu yake, kama kibanda cha gulio. Wengine wakachota mchanga mkavu uliokuwa chini ya turubai, wakauzungusha kama tuta ili maji ya ardhini yasifike. Bati la mwisho lilikuwa bado linasukumwa kwa mti pale matone ya kwanza yalipoanza kupiga. Mvua ikashuka. Walisimama chini ya migomba ya upande wa juu, wamelowa, wakilitazama pipa moja la buluu likifuka moshi kidogo kidogo mahali pakavu, na kila tone lililopiga bati lilikuwa kama mtu anayegonga mlango usiotakiwa kufunguliwa.

Gari la hospitali lilimchukua Karugendo kabla mvua haijakatika. Zimamoto walifika baadaye, na mbele yao pikapu ya Muhidini, aliyekwenda mwenyewe kuwaamsha baada ya simu kukatika ghafla sikioni mwake. Askari aliyevaa kinyago akalizunguka pipa mara mbili, akarudi akakivua.

"Nani aliwaambia msimwage maji?"

Shangazi Kokugonza akamwonyesha kwa kidevu. "Huyo, mwenye simu ya raba bendi." Kisha, kana kwamba hakusema kitu, akaifungua khanga yake ya pili, ile kavu, akamfunika Annastella mabegani.

Hospitalini daktari alimchunguza Karugendo kwa muda mrefu. Shingo na mikono vilikuwa na majeraha ya kuungua, kifua kingehitaji siku kadhaa za kuangaliwa, na jicho la kushoto lilikuwa limeumia zaidi ya la kulia.

"Mlimwosha kwa muda gani?"

"Sikuangalia saa," Hellen alisema. "Ndoo kumi na moja."

"Basi ataona," daktari akasema. "La kushoto litachukua muda, lakini ataona. Ndoo hizo ndizo macho yake."

Clotilda akaketi chini pale pale koridoni na kulia, huku akicheka.

Muhidini alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi, kofia mkononi, kama mwanafunzi aliyechelewa. Alipoingia, Karugendo aliyefungwa bandeji machoni akageuza kichwa.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, Muhidini. Nisamehe, ndugu yangu. Niliyanunua kwa mtu aliyesema ni matupu, nami nikakuambia ni matupu."

"Na mimi niliambiwa na mwanangu kwamba si matupu, nikanawa uso. Tumegawana ujinga. Sema yaliyokuleta."

Muhidini akamgeukia Annastella. "Lililobaki uani kwangu, askari wamekwenda kulichukua. Safina wa Nshambya nimempata kwa simu, amelifunika na kuwatoa watoto nyumbani. Limebaki moja. Mama mmoja wa Maruku alilichukua juzi. Jina silijui, namba sina, sura tu naikumbuka. Polisi nimewaambia, lakini hawana wa kumtafuta ila sura iliyoko kichwani mwangu." Akameza mate. "Alisema anataka la kukingia maji ya mvua."

Nje mvua ilikuwa bado inapiga dirisha. Annastella akasimama. Kisha akasita, akamtazama baba yake, akamtazama Hellen.

"Taata, na wakwe wa kesho?"

"Wakwe watakunywa chai. Wasipotaka chai, basi hawakumtaka Hellen." Karugendo akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wake, akaubana kwa kiganja kilichozungushiwa bandeji. "Nenda. Na wakikubishia huko, usibembeleze kama ulivyonibembeleza mimi. Piga kelele."

"Nilipiga, Taata."

"Najua," akasema taratibu. "Nilisikia. Nenda."

Annastella na Muhidini walifika Maruku alasiri, mvua imebaki manyunyu. Waliuliza dukani, wakauliza kwa mafundi baiskeli, wakauliza kwa wanawake waliokuwa wakitoka kwenye sala ya jumuiya: nani amenunua pipa la buluu? Mwalimu mmoja akawaonyesha njia ya kupita katikati ya mibuni.

Pipa lilikuwa limesimama chini ya mfereji wa bati, jipya, zuri, maji yakitiririka kutoka mferejini na kupasuka juu ya mfuniko wake. Kizibo hakijafunguka bado. Mama wa makamo alikuwa amelikumbatia kwa mkono mmoja, spana ya kuazima katika mkono mwingine, anavuta kwa nguvu zake zote mpaka mishipa ya shingo imesimama. Kizibo kikalia, *kri*, kikasogea robo ya mzunguko.

Annastella akafungua mlango wa pikapu kabla haijasimama. Alikuwa na matundu ya asidi kwenye gauni, tope mpaka magotini, na sauti iliyobaki nusu. Aliipiga yote.

"Mama! Usifungue! Weka spana chini!"

Yule mama akageuka. Akaliona gauni lile lenye matundu, akamwona Muhidini aliyemuuzia, jinsi alivyokuwa amejishika kichwa. Akamtazama tena msichana asiyemjua, machoni, kwa muda wa pumzi moja.

"Haya, mwanangu," akasema. "Nimeweka."

Akainama, akailaza spana kwenye nyasi, akatoka chini ya mfereji na kuja upande wao.